Birika la Moza na Pua ya Maalim Nyange

"Birika langu hilo! Birika la chai hilo, Nyange! Kopo la udhu si lile pale mlangoni, la kijani, kubwa kama ndoo? Hukuliona?"

Nyange hakuweza kujibu. Alikuwa kasimama uani kwake, kainamia shina la mgomba, kichwa kakilaza upande kama kuku aliyesikia mwewe, mdomo wazi, na mdomo wa birika umo ndani ya tundu ya kulia ya pua yake. Maji yaingie huku yatokee kule, ndivyo alivyoambiwa. Yake yaliingia huku, kule hayakuonekana. Yalipita kooni, yakamkaba, akakohoa mpaka kofia ikamvuka.

"Na chumvi ndani!" Moza, mkewe, akasogea akalichungulia. "Shangazi yangu, Mungu amrehemu, kanipa birika hilo siku ya harusi yangu. Limetoka Maskati. Masheha watatu wamemiminiwa chai na birika hilo. Leo linamimina makamasi!"

"Linamimina maji," akasema Nyange, machozi yanamtoka. "Makamasi ni yangu."

"Ndo afadhali?"

"Kopo la udhu lina mdomo mpana, haliingii puani. Daktari kasema chombo chenye mdomo mwembamba."

"Kasema birika la Moza?"

Nyange akajifuta uso kwa pindo la kikoi. Akamtazama mkewe vizuri. "Moza. Unataka kuhitimu au hutaki?"

Moza akashusha mikono. Hapo alikuwa kashikwa penyewe.

Moza alitolewa chuo cha Qur-ani yuko juzuu ya nne tu. Mama yake aliugua, wadogo zake wakahitaji wa kuwabeba, na msimu wa karafuu ukaingia. Akaambiwa utarudi. Hakurudi. Aliolewa, akazaa, akazeeka kidogo, na kila akihudhuria hitima ya mtu huwapisha wenzake mbele, yeye akajibanza nyuma na wasiojua kusoma. Miaka saba nyuma mumewe alipoanzisha darasa la kinamama baada ya Alasiri, hapo hapo ukumbini kwao, kijijini Ole, Moza ndiye aliyetandika mkeka na ndiye aliyeukalia wa kwanza. Sasa walikuwa kumi na mmoja, na msahafu wameumaliza. Kilichobaki ni kusikilizwa na kuhitimishwa.

Na hicho kilichobaki ndicho kilichokwamia puani mwa Nyange.

Nyange mwenyewe ni fundi baiskeli. Asubuhi utamkuta kibandani kwake kando ya njia, mikono myeusi kwa grisi, gurudumu kalibana magotini. Alasiri anaisugua mikono kwa mchanga na sabuni ya unga mpaka ngozi inawasha, anavaa kanzu, anakuwa maalim. Sauti alikuwa nayo. Enzi hizo akisoma, mtu aliyepita nje na baiskeli yake huacha kupiga pedali.

Sasa ule msimu wa karafuu uliopita akashikwa na mafua. Mafua ya kawaida tu, nani hashikwi? Mafua yakaondoka, kuziba kukabaki. Mwezi, miezi mitatu, karibu mwaka. Akiinama kutia kiraka, anahisi kama jiwe limeteleza ndani ya uso likagonga paji. Meno ya juu yanauma na wala hayajatoboka. Makamasi mazito, ya rangi ya dodoki bichi, yanamshukia kooni usiku kucha. Harufu ndiyo kabisa, ilimhama: gundi ya viraka, ambayo ukiifungua mtu hupiga chafya nyumba ya tatu, yeye hakuisikia.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Jifukize. Tia mafuta ya habasoda. Nenda pwani uvute maji ya bahari. Alifanya yote. Akapata nafuu ya saa moja, kisha pua ikajifunga tena.

Na vidonge alikuwa kashameza, mara mbili nzima. Mara zote aliingia duka la dawa, akaeleza mwenyewe, akapewa vile vya rangi mbili. Siku ya tatu uso ukawa mwepesi, akasema alhamdulillahi, akaacha. Vilivyobaki mara ya kwanza alimpa jirani yake Talib, aliyekuwa na jipu. Vya mara ya pili alivitia kwenye kopo la valvu kibandani, viwe akiba. Kwa Nyange dawa ilikuwa kama kitoweo. Ukibakisha, na jirani hana, utamnyima vipi?

Hayo yote ni yake. Lakini lipo jengine ambalo hakulijua, na laiti angelijua. Pua ile haikufungwa siku moja. Ilifungwa kidogo kidogo, kama mlango unaoota kutu, na darasa lake likafungwa nayo. Pale mahali pa ghunna, ile sauti ya herufi nuni na mimu inayotakiwa ivume puani kama nyuki ndani ya mzinga, Nyange alikuwa anatoa mgoto mkavu. Kinamama nao wakagota. Wamemfuata maalim wao kama kivuli. Angekohoa katikati ya aya kwa mwaka mzima, nao wangelikohoa.

Aliyewafichua ni Bi Nahla.

Bi Nahla anasomesha wanawake tajwidi, kanuni za kuisoma Qur-ani, kule Madungu, mjini Chake, na ndiye aliyeombwa aje awasikilize kabla ya kuhitimu. Alikuja mwezi wa Rajabu, mwanamke mwembamba, sauti ya chini, akakaa ukumbini akasema bismillahi. Akasoma Moza. Akasoma Bi Siti. Akasoma Bi Mwanamize, aliye mkubwa wao kwa umri na kwa mdomo. Bi Nahla akaufunga msahafu juu ya kidole.

"Jamani," akasema, "mtaa huu una mafua?"

Wakacheka. Yeye hakucheka.

"Bi Mwanamize, shika pua yako. Ibane. Haya, soma hapo hapo."

Bi Mwanamize akaibana, akasoma. Sauti ikatoka ile ile.

"Mnaona? Ghunna makaazi yake ni puani. Ukiibana pua lazima ife. Hii yako haifi, mama, maana haijazaliwa." Akawabana wote kumi na mmoja. Wote mamoja. Kisha akageukia mlangoni, alikokaa Nyange, akasema kwa adabu, "Maalim, tafadhali, tusomee kidogo."

Nyange akasoma. Alijisikia. Kwa mara ya kwanza kwa mwaka mzima alijisikia, kwa sababu kila mtu alikuwa kimya anamsikiliza pua. Alipomaliza, Bi Nahla alikuwa anatazama mkeka.

"Maalim unaumwa," akasema taratibu. "Katibiwe. Mimi nitarudi mwisho wa Shaaban. Nikikuta mambo haya haya, kinamama hawa nitawachukua niwaanzishe upya Madungu, alif mpaka yaa. Nisamehe, sina nia ya kukuvunjia heshima. Lakini Qur-ani haihitimishwi hivi."

Miaka saba. Na Madungu huko, nani katika wale angelikwenda kila siku? Bi Siti na magoti yake? Darasa lingekufa, na Moza angerudi kujibanza nyuma hitimani.

Ndipo Nyange akaenda kituo cha afya, kwa miguu, baiskeli kaiacha, maana kila ikiruka shimo uso unamgonga.

Daktari alikuwa binti mmoja, Samiha, miwani mikubwa, maneno machache. Akambonyeza paji, akambonyeza mashavu. Nyange akaguta. Akamtia taa puani. Akauliza tangu lini, na umetumia nini. Nyange akataka kuficha, akaona aibu ya kudanganya mbele ya mtoto wa watu, akasema.

"Vya mwanzo ulimeza siku ngapi?"

"Tatu. Nikapona."

"Hukupona. Vijidudu wanyonge walikufa, wakaidi wakabaki wakazaana. Na vilivyobaki?"

"Nilimpa jirani. Alikuwa na jipu."

Samiha akavua miwani. "Maalim, mwanafunzi wako akisoma nusu juzuu, akafunga msahafu, akasema kahitimu, wewe utamwambiaje?"

Nyange akaitazama sakafu.

"Sasa sikiliza. Si kila pua iliyoziba inataka antibayotiki. Mafua ya siku nne hayazitaki. Lakini yako ni ya mwaka, ina usaha, na umeichokoza mara mbili ukaikimbia. Nakupa nyengine, yenye nguvu zaidi. Asubuhi na jioni baada ya kula, siku kumi na nne. Ukiona umepona siku ya tano, endelea. Ya tisa, endelea. Na pua uioshe kwa maji ya chumvi, asubuhi na jioni, na hiyo usiiache hata vidonge vikiisha. Ikishindikana nakuandikia hospitali ukapigwe picha."

"Kuosha pua?" Nyange akachangamka kidogo. Hapo alidhani yuko nyumbani. "Binti yangu, mie napandisha maji puani mara tatu kwa kila udhu, udhu tano kwa siku. Nani kaosha pua kunishinda mie?"

Samiha akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Na sunna hiyo usiiache. Lakini maji ya udhu, maalim, ni mgeni wa barazani. Anasema hodi, anakaribishwa, anarudi zake. Usaha wako uko chumba cha uani, kajifungia. Humu ndani ya mifupa ya uso kuna vijumba, sainasi. Maji lazima yapite mlango mmoja, yazunguke, yatokee mlango wa pili. Uyachemshe, yapoe yawe vuguvugu. Gilasi moja, nusu kijiko cha chai cha chumvi, basi. Maji ya kisima hivi hivi usiyatie. Tumboni hayana neno, huko juu yana hatari."

Nyange akaitikia kila kitu, kama wanavyoitikia wanafunzi wake. Na kama wao, nusu aliisahau njiani.

Ndiyo ikawa asubuhi ile ya birika.

Moza akanyoosha mkono. Akalipokea birika, akatia kidole ndani, akakilamba. Uso ukamkunjika.

"Umetia chumvi kiasi gani?"

"Konzi."

"Konzi! Na maji?"

"Ya mtungini. Baridi mazuri."

"Daktari kasema ya mtungini?"

Nyange akakohoa, ingawa kikohozi kilikuwa kimeshakwisha.

"Subhanallah. Ndo maana unalia kama bibi harusi." Moza akayamwaga maji yote mgombani. "Ntu mzima kasomesha miaka saba, kuchemsha maji hujui. Lete hicho kikaratasi alichokuandikia."

Akaweka sufuria motoni mwenyewe. Tangu hapo nyumba ile ikawa na utaratibu mpya: sauti ya birika, kisha Nyange mgombani, Moza kasimama nyuma yake kama refa. "Lala upande zaidi. Pumua kwa mdomo. Usimeze! Nani kakwambia umeze?" Siku ya pili maji yakatokea kule. Yalitokea membamba, machafu, na Nyange akafurahi kama aliyetoboa kisima.

Lakini sauti haikurudi. Siku ya nne haikurudi, ya sita haikurudi. Darasani aliwapumzisha kusoma, akawasomesha sira, habari za mitume. Bi Mwanamize akauliza, "Maalim, pua ya mtume gani leo?" wakacheka mpaka wakajifunika kanga, naye akacheka nao, lakini usiku alikaa kitandani akiibana pua yake, akijaribu mimu moja, na mimu ile haikufa, maana haikuwapo.

Siku ya nane akaja Talib kibandani. Shavu limevimba, jino. Akajikalisha juu ya tairi bovu.

"Nyange ndugu yangu, nasikia una vidonge vikali safari hii. Nipe vitatu tu. Viwili basi."

Sasa hili, ukilisikia, utaliona dogo. Kwa Nyange halikuwa dogo. Talib ndiye aliyembeba baba yake Nyange kaburini. Talib akichinja, ini linakuja kwa Nyange kabla ya kwenda jikoni kwake. Na vidonge vimo mfukoni, anavisikia vinavyogusana.

"Sikupi," akasema.

"Hee!"

"Vikipungua, miye sitapona na weye hutapona. Nimeshakupa wakati ule, jipu lilikwisha?"

"Lilirudi," Talib akakiri. "Lakini ndo uninyime? Vidonge?"

"Panda." Nyange akaivuta baiskeli ya mteja iliyokwisha kutengenezwa, akapiga kiti cha nyuma kwa kitambaa. "Panda nikupeleke kwa yule binti. Atakutazama jino hilo lenyewe."

"Umekuwa bahili, Nyange. Kusoma kumekuharibu."

"Panda, bwana, bahili anakubeba bure."

Talib alinuna njia nzima, na shavu lile lilimsaidia kununa. Alirudi na dawa yake mwenyewe na onyo lake mwenyewe, na siku mbili hakumwamkia mtu.

Siku ya tisa, baada ya Magharibi, Nyange alikuwa mgombani, maji yanakwenda. Kikatoka kitu. Tusikieleze. Kilitoka, akastuka, akafikiri katoka ubongo. Halafu upepo ukapita ndani ya uso wake, mahali ambapo haukupita kwa mwaka mzima, baridi, mpaka nyuma ya macho. Akasimama hapo, birika mkononi. Akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Moza!" akapiga kelele. "Moza, papa anaungua!"

Moza akatoka mbio jikoni, kisha akasimama njiani kama kapigwa. Papa alikuwa anaungua kweli, lakini si hilo lililomsimamisha. "Umesikia harufu?"

"Nasikia papa. Nasikia moshi. Nasikia..." akageuza kichwa, "nani kaacha viatu vyake mlangoni?"

"Vyako," akasema Moza, na akaketi kwenye kinu akacheka mpaka papa akawa mkaa.

Asubuhi yake Nyange aliamka mwepesi. Alikunywa chai, akavaa, akaelekea mlangoni. Moza alikuwa mlangoni keshafika, kidonge kiganjani.

"Nimepona, mke wangu. Wewe mwenyewe umeona."

"Siku ya ngapi?"

"Ya kumi."

"Miye nilitolewa chuo juzuu ya nne, wakasema yatosha kwa mtoto wa kike," akasema Moza. Hakupandisha sauti. "Sitaki nusu tena nyumbani kwangu. Meza."

Akameza. Akameza mpaka kumi na nne, na pua akaiosha mpaka baada ya hapo. Na vile vya akiba, vilivyokuwa kwenye kopo la valvu, akampelekea Samiha avitupe.

Kazi ngumu kuliko chumvi ilibaki moja. Alasiri ile ya kwanza aliyosomesha tena, alikaa mbele ya wale kumi na mmoja.

"Kinamama," akasema, "mlivyokuwa mkisoma mwaka huu, mlisoma nilivyokusomesheni. Kosa si lenu, ni langu. Lazima tulivunje, tujenge upya. Anayetaka kwenda kwa mwalimu mwengine, ana radhi zangu."

Hakuna aliyenyanyuka. Bi Mwanamize akajifunga kanga vizuri. "Maalim, mie nina miaka sitini na tisa. Nikiondoka hapa nakwenda kwa Mola wangu tu. Soma, tukusikie."

Akasoma. Ilipofika mimu, ikavuma. Ikajaa ukumbi, ikakaa kiasi chake, ikaondoka bila haraka. Bi Siti akashika kifua. Moza aliinamisha kichwa asionekane uso.

"Ala!" akasema Bi Mwanamize. "Kumbe ndo hivyo? Tumedanganywa mwaka mzima!"

Wiki mbili zile mtu aliyepita nje alisikia mambo ya ajabu: wanawake wazima wamebana pua zao, wanasoma, wanaachia, wanabana. "Imekufa!" atapiga kelele mmoja, na wenzake wakampongeza. Nje ya darasa walisahihishana kisimani.

Tarehe ishirini na saba Shaaban, Bi Nahla akarudi. Akakaa pale pale. Moza akaanza, sauti inatetemeka mwanzo, kisha ikatulia. Ilipofika ghunna, Bi Nahla akanyoosha mkono mwenyewe, akambana Moza pua. Sauti ikakatika, kimya. Akaiachia, ikavuma ilipoachia. Bi Nahla akarudi nyuma, akasema neno moja tu, "Naam," na Moza akaendelea kusoma huku machozi yanadondoka juu ya mkeka, bila kusimama, mpaka mwisho wa ukurasa.

Tisa wakapita. Bi Siti akaambiwa arudie kidogo, na Bi Mwanamize arudie sana. "Nilijua," akasema Bi Mwanamize. "Pua yangu imezoea uwongo." Lakini darasa ni la hapo hapo Ole, na maalim ni yule yule, na kuhitimu ni Jumapili. Hayo Bi Nahla aliyasema wazi, mbele ya wote, akimtazama Nyange.

Ikaletwa chai. Moza akaileta kwa chupa ya plastiki, ile ya shamba.

"Moza," akauliza Bi Nahla, "mara ile ulinimiminia kwa birika zuri, la Maskati. Liko wapi?"

Bi Mwanamize akajitia kanga mdomoni. Bi Siti akatazama dari. Moza akamgeukia mumewe, macho yamemtoka, wallahi kama asubuhi ile.

"Bi Nahla," akasema Nyange, "birika lile siku hizi..."

Nje kengele ya baiskeli ikalia. Mara mbili, kwa pupa. "Maalim! Mnyororo umekatika, na nina mzigo wa muhogo!"

"Mweleze wewe, Moza," akasema Nyange, na tayari alikuwa keshavaa viatu, anaikunja mikono ya kanzu, anatoka kwenda kutafuta koleo.